Mkono Uliobaki Juu ya Mausi

Mdogo wangu alimpiga baba yetu ngumi moja tu, na baba hakuamka mpaka tulipommwagia maji ya ndoo. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alikuwa amemshika mama nywele, anamgongesha kichwa ukutani pale penye msumari wa kutundikia taulo, na mimi nimejibana nyuma ya kabati namwomba Mungu kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia. Mdogo wangu akaingia kutoka uani, akamgusa baba begani kama mtu mwenye swali, na baba alipogeuka akaipata. Meno mawili yalidondokea kwenye beseni la vyombo. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Nyundo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Siandiki haya ili kumsifu. Baba hakumgusa mama tena, hilo ni kweli, na mama alizeeka akiwa na kichwa kizima. Lakini kilichomwingia mdogo wangu mkononi siku ile hakikutoka. Alianza kupiga watu sokoni alikokuwa anapakua magunia. Halafu wenye maduka wakawa wanamwita awapigie watu wao. Nilikuwa nafua mashati yake, na damu nilizokuwa nazikuta kifuani zilikuwa za watu nisiowajua. Nilikuwa nikizisugua huku nikiwaombea, kwa sababu sikuwa na kingine cha kuwafanyia.

Akaoa. Wifi yangu ni fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Mwaka wa pili wa ndoa Nyundo alimzaba kofi moja kwa sababu ya mboga iliyoungua, na sikio lake la kushoto halijasikia vizuri mpaka leo. Ukitaka kumwambia kitu lazima uzunguke upande wa kulia. Miezi michache baadaye, kwenye foleni ya maji, mtu mmoja alimkanyaga Nyundo mguu akasema, "Sogea basi, wewe mti?" Nyundo alimvunja taya sehemu mbili. Akafungwa miaka mitatu.

Huko gerezani ndiko alikojifunza kompyuta, na namna alivyojifunza ni lazima niieleze, maana bila hiyo habari yenyewe haieleweki.

Kulikuwa na ofisi ya kumbukumbu, na ofisini kompyuta moja kuukuu. Afande aliyekuwa akiitumia hakuwa na subira hata kidogo. Ukurasa ukichelewa kufunguka, kile kiduara kikianza kuzunguka kwenye skrini, alikuwa anampiga mfungwa aliye karibu. Si kwa kosa lolote. Kiduara kinazunguka, yeye anapiga. Alikuwa na kipande cha bomba la maji mezani, karibu na kikombe cha chai. Nyundo alikuwa amewekwa hapo afagie na kubeba mafaili, kwa hiyo alipigwa mgongoni, kwenye magoti, na siku moja kwenye vifundo vya vidole mpaka kucha zikageuka rangi. Wengine wanne waliokuwa wakisaidia pale nao walipigwa hivyo hivyo.

Mfungwa mmoja mzee, aliyekuwa karani zamani, akamwambia, "Kijana, hatuwezi kumbadilisha afande. Tuibadilishe mashine." Akaanza kumfundisha Nyundo kila afande alipokwenda kula. Akamwonyesha kwamba kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, huwa kinazidiwa na mizigo. Watu wanakibandika viongezo visivyo na kazi. Programu zinajiwasha zenyewe asubuhi na kukaa humo zinakula nguvu bila kuitwa. Picha na mafaili ya muda yanajilundika miezi na miezi. Unaingia kwenye mipangilio, unaondoa kimoja kimoja. Nyundo akashika. Alikuwa akiondoa kiongezo kimoja anahesabu vipigo vilivyopungua siku hiyo. Ilipofika mwaka wa mwisho ukurasa ulikuwa unafunguka kabla afande hajainua kikombe, na migongo ya watu watano ikapona.

"Dada," aliniambia nilipokwenda kumtembelea, "nimegundua naweza kuzuia kipigo bila kupiga."

Nililia pale dirishani mpaka askari akaniambia muda umekwisha na ulikuwa haujaisha.

Alipotoka, wifi yangu hakumfungulia mlango siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu alifungua nusu. Mimi nilikuwepo, nimembebea Nyundo begi lake.

"Utaingia kwa sharti moja," alisema. "Siku mkono wako utakapompiga mtu yeyote kwa sababu yoyote, mimi na watoto hutatuona. Sitagombana, sitashitaki. Utakuta chumba kitupu."

"Hata mtu akinipiga yeye kwanza?"

"Nimesema sababu yoyote. Rudia."

"Sababu yoyote," Nyundo akarudia, akiwa amesimama upande wake wa kulia ili asikie.

Alipata kazi kwenye duka la kompyuta, linalotoa kopi, kupiga picha za vitambulisho na kujazia watu fomu za mtandaoni. Mwenye duka alimchukua kwa sababu aliona anavyozifanya mashine zikimbie, na mimi nikachukuliwa nifagie na kugawa namba za foleni. Cherehani ya wifi ilikuwa barazani ng'ambo ya barabara, anatuona na sisi tunamwona. Miaka minne ilipita hivyo. Watu walimtania, walimchokoza, mlevi mmoja alimtemea mate usoni. Nyundo aliweka mikono mfukoni. Niliona mifuko ya suruali zake inachanika kwenye mshono, kwa jinsi alivyokuwa anakunja ngumi humo ndani. Wifi alikuwa anaishona bila kusema kitu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kiwanda kipya cha vigae kilikuwa kinaajiri, na maombi yalikuwa ni ya mtandaoni tu, mwisho saa kumi kamili alasiri. Kati ya kompyuta zetu mbili, moja ilikuwa imekufa. Ikabaki moja kwa watu wote wale. Na pale dukani tulikuwa na mtindo wetu ambao sijauona kwingine. Mtu anaanza kujaza fomu, anakuta hana picha au hana namba ya mdhamini, basi anaondoka kwenda kuitafuta na kusema, "Niachie ukurasa wangu." Nyundo haufungi. Anauacha wazi palepale na kufungua mwingine kwa mtu anayefuata. Ule ukurasa ulikuwa ndiyo nafasi ya mtu kwenye foleni, kama mtu anayeacha ndoo yake bombani. Ukiufunga umemwondoa kwenye mstari, na hapo ni ugomvi. Kufika saa saba mchana kulikuwa na kurasa thelathini na nane zimeachwa wazi, za watu thelathini na wanane, zote zikiwa nusu nusu.

Mashine ikaanza kufa polepole. Unabonyeza herufi, unaisubiri ionekane. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Watu walirudi na picha zao na vyeti vyao, wakajaa mlangoni, wakajaa ndani, jasho, mabega, viwiko. Wawili wakashikana mashati kwa ajili ya namba kumi na moja, mmoja akamng'ata mwenzake sikio, wakatolewa nje na kuendelea kupigana kwenye mtaro. Mwanamke mmoja aliangushwa, kiatu kikamkanyaga vidole, akapiga ukelele ambao bado ninausikia. Nilikuwa nasema, "Jamani, taratibu, kwa ajili ya Mungu," na mtu akanijibu, "Mungu hajazi fomu, mama, pisha."

Aliyekuwa mbaya kuliko wote ni dereva wa lori, namba kumi na tisa. Mtu mnene, shingo kama kisiki, lori lake lilikuwa limeuzwa na tajiri wake na hana kazi tangu mwaka uliopita. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya kiti cha Nyundo, anampumulia kisogoni.

"Hiki kidude kinazunguka tangu nimefika," alisema. "Umekilipa kizunguke?"

"Kurasa ni nyingi, kaka. Nifunge baadhi?"

"Funga ya bibi yako! Yangu uifunge uone."

"Basi nipe dakika kumi niipunguzie mizigo. Bila kufunga ukurasa wa mtu."

"Dakika kumi! Huyu anatuona sisi mazuzu?"

Nyundo aliingia kwenye mipangilio. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, nikaona kila kitu, na alishanifundisha kiasi cha kuelewa. Alikuta viongezo saba vilivyobandikwa na wateja wanaokuja kukodi mashine: cha kupakua nyimbo, cha michezo, kimoja kinachotabiri hali ya hewa kila baada ya dakika. Akaving'oa. Akazima programu zilizokuwa zimejiwasha. Akazima picha zinazojifungua kabla hujaziita. Kila alipoondoa kitu, herufi zilianza kuja upesi kidogo. Kuna mtu akasema, "Ah, inapumua."

Ikabaki kazi ya mwisho, kufuta ile akiba ya mafaili ya muda, halafu kukizima kivinjari na kukiwasha upya ili mabadiliko yashike. Kurasa zote zingerudi zenyewe, kwa sababu alikuwa amekipanga hivyo. Lakini pale kwenye kufuta kuna visanduku vitatu, na vyote vinakuja vikiwa vimewekwa tiki. Cha katikati ni cha vidakuzi. Hivyo ni kama vijikaratasi ambavyo tovuti inaviacha ndani ya mashine yako ili ikukumbuke ni nani na umefika wapi. Tovuti ya kiwanda ilikuwa inaipa kila fomu kijikaratasi chake, na fomu zote thelathini na nane zilikuwa zimeshikwa na hivyo. Kila siku Nyundo alikuwa anaondoa tiki ya katikati kabla ya kufuta. Aliwahi kuniambia, "Dada, hii ukiiacha umeua watu."

Akaondoa tiki ya kwanza, ya historia ya kurasa. Akasogeza mausi kuelekea ya katikati, akapitia juu ya kitufe cha kufuta kilichokuwa kando yake.

Hapo dereva akamzaba kofi la kisogo.

Halikuwa la utani. Paji la uso la Nyundo liligonga skrini, na nyuma watu wakacheka. Dereva akainama akamwambia sikioni, kwa sauti ya wote kusikia, "Nasikia ulikuwa mwanaume zamani. Mkeo alikuhasi, ee? Amekushonea gauni?"

Niliutazama mkono wa kulia wa mdogo wangu. Naujua. Niliuona ukikunjika kwa mara ya kwanza nikiwa nyuma ya kabati. Ulianza kukunjika, na yeye mwenyewe akauona, akaubana juu ya mausi kwa nguvu zake zote, kama mtu anayebana kifuniko cha sufuria inayochemka, mpaka mishipa ikasimama. Hakugeuka. Hakupiga.

Lakini mausi ilikuwa chini ya mkono ule, na ilibonyea.

Skrini ikacheza kidogo, ikaandika kwamba data imefutwa.

Nyundo aliitazama. Akakiwasha kivinjari upya. Kurasa thelathini na nane zikarudi, upesi, zikijipanga kama askari, na kila moja ilikuwa ukurasa wa kuingilia, mtupu, unauliza jina na neno la siri.

Angeweza kusema umeme umeyumba. Angeweza kusema ni tovuti ya kiwanda. Nani angejua? Mimi peke yangu, na Mungu anisamehe, nilitamani aseme hivyo. Badala yake aliinuka, akageuka, akasema, "Jamani, fomu zimefutika zote. Ni mimi nimefuta. Nilibonyeza vibaya. Tunaanza upya sasa hivi, kwa namba zenu."



Halafu chupa ya maji ikampiga mdomoni. Baada ya hapo sikuona tena mtu mmoja mmoja, niliona mikono. Walimvuta juu ya meza, shati likabaki kwa mtu. Mtu alimpiga na kigoda mbavuni na nikasikia mlio ule wa ubavu, mkavu. Mwingine alimzungushia waya wa kompyuta mbovu shingoni, akavuta huku ameweka goti mgongoni. Kioo cha mashine ya kopi kikapasuka na watu wakawa wanakanyaga vipande. Mwenye duka alikimbilia stoo akajifungia. Mimi nilishika miguu ya mdogo wangu, nikapigwa teke la bega, nikashika tena.

"Mpige! Ametuua!"

"Mtoto wangu anakula nini? Anakula nini?" Huyu alikuwa mwanamke, anampiga kwa kiatu cha kisigino, kila neno na pigo lake.

Nyundo alikuwa amekumbatia kichwa chake. Ngumi hakuinua. Damu ilikuwa inamtoka sikioni na alikuwa anasema, "Tuanze upya, muda upo, tuanze upya," mpaka waya ukambana na sauti ikakatika.

Dereva wa lori akawasukuma wengine. Akaukamata ule mkono wa kulia, akaulaza juu ya meza, na kwa mkono wake mwingine akachukua stabilaiza, lile sanduku la chuma la kutulizia umeme, zito kama matofali mawili.

"Mkono huu ndio uliofuta," alisema. "Tuufute na wenyewe."

Aliliteremsha. Nilisikia vidole. Sitaki kuelezea zaidi, isipokuwa kwamba mdogo wangu alilia kwa sauti ile ile ya mama yetu pale ukutani.

Na hapo nikauona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa huru. Ulikuwa umefungwa ngumi, umejaa, umerudi nyuma hadi begani, na shingo ya dereva ilikuwa wazi mbele yake kama ngoma. Pigo moja tu. Nyundo aliangalia mlangoni. Wifi yangu alikuwa amefika, amesimama kizingitini, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Walitazamana. Chumba kilikuwa kinapiga kelele, na wao walikuwa wanatazamana. Ngumi ilikaa hewani pale. Halafu vidole vikafunguka, kimoja kimoja, na mkono ukashuka.

Dereva alikuwa ameliinua tena lile sanduku.

Wifi yangu alipita katikati ya watu wale, mfupi vile, akachomoa kibodi mezani kwa nguvu mpaka waya ukakatika, akampiga dereva usoni. Vitufe viliruka pande zote, vikanigonga mimi, vikagonga ukuta. Dereva akayumba. Akampiga tena, kwa ubavu wa kibodi, juu ya jicho, na nyama ikafunguka. Akaanguka. Akampanda kifuani akaendelea kumpiga kwa kipande kilichobaki, na kilipovunjika akaokota stabilaiza kwa mikono miwili akaiinua juu ya kichwa. Watu wote wakarudi nyuma. Nilimwona usoni. Huyo hakuwa wifi yangu. Alikuwa anakwenda kuua mtu.

"Mama watoto!"

Nyundo alikuwa ameinuka. Akamkumbatia kutoka nyuma kwa mkono wa kushoto, akambana na kifua chake chenye ubavu uliovunjika, akamzungukia upande wa kulia asikie. "Mama watoto, basi. Basi. Weka chini. Kwa taratibu. Weka."

Aliweka. Ilichukua muda, lakini aliweka.

Hakuna aliyesogea. Dereva alikuwa anakoroma sakafuni, ameshika jicho. Yule mwanamke wa kiatu cha kisigino ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyeko kanisani au msikitini, "Ni saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa nane na nusu."

Nyundo akavuta kiti. Kilikuwa na miguu mitatu, akakiegemeza kwenye meza. "Dada, nipe kibodi ya ile mashine mbovu," akasema. "Namba moja aje."

Mtu akasema, "Huyu kichaa."

"Namba moja," Nyundo akarudia. "Saa haisimami."

Na kwa ajabu ya Mungu mashine haikuwa imeguswa. Alibonyeza kwa mkono wa kushoto, na ukurasa ukafunguka papo hapo. Kiduara hakikutokea kabisa. Watu wakasogea kuangalia, wale wale waliokuwa na damu yake kwenye viatu.

"Ee! Imeruka!"

"Wacha wee. Muda ule ungelala ukaamka."

"Nyamazeni tumwache afanye kazi."

Wifi alichana kitambaa cha bitana alichokuja nacho begani, akamfunga vidole vya kulia huku yeye akiandika kwa vya kushoto. Mimi nilisoma vyeti kwa sauti. Mwanamke wa kisigino alikuwa namba sita, alipokaa alilia, na Nyundo akamwambia, "Mama, usilie, unanichanganya. Tarehe ya kuzaliwa?"

Alifuata namba. Hakuruka mtu. Ilipofika kumi na tisa niliinua kikaratasi na sikuweza kukisoma. Nyundo akakitazama, akasema, "Kumi na tisa."

Dereva aliletwa akishikwa bega. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa na lingine lina damu, haoni skrini. Wifi alisimama nyuma ya kiti, mikono ameikunja kifuani, na dereva akawa anakaa ukingoni, upande wa mbali naye.

"Nitakusomea maswali," Nyundo alisema. "Umewahi kuendesha mtambo?"

"Lori tu."

"Naandika lori. Umewahi kupatikana na hatia ya kupiga au kujeruhi?"

Dereva akafuta damu ya jicho. "Leo inahesabika?"

"Leo hujahukumiwa."

"Basi andika hapana."

Akaandika hapana. Akambandikia picha, akatuma. Wala dereva hakusema asante, alisema, "Imekwenda?" na Nyundo akasema, "Imekwenda," na wakampisha njia.

Saa kumi kamili tovuti ilifungwa. Watu ishirini na sita walikuwa wamepita. Kumi na wawili walibaki, na hao hawakuwa na neno jema. Mmoja alitema mate mezani. Mwingine, tulipokuwa tunatoka, alirusha jiwe likapasua dirisha juu ya vichwa vyetu, na vipande vikaniingia kwenye mtandio. Nyundo hakugeuka hata kutazama ni nani. Alisema tu, "Dada, usitikise kichwa, vitakuingia machoni."

Zahanati ilikuwa na watu, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, Nyundo katikati. Mkono wake ulikuwa umevimba kama mkate. Wifi alikuwa anajitazama viganja; kimoja kilikuwa kimechanika kwa plastiki ya kibodi.

"Wa kushoto ulikunjika," Nyundo akasema. "Nisikufiche. Nilikuwa nimeshaamua."

"Nilikuona."

"Kwa hiyo utaondoka?"

"Sharti lilikuwa kupiga. Hukupiga."

Nyundo akatikisa kichwa polepole. Halafu akasema, "Wewe umepiga."

Wifi akageuza uso ukutani. Mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. "Ningemuua," alisema. "Ningemuua yule mtu. Na sikusikia uchungu wowote, baba watoto. Ilikuwa tamu."

"Naijua," mdogo wangu akasema. "Ndiyo hiyo."

Nesi alitoka akaita mtu mwingine, si sisi. Nyundo alisubiri mlango ufungwe. Alivuta pumzi nusu, kwa sababu ya ubavu, akasogea upande wa kulia wa mkewe.

"Basi na mimi nina sharti," alisema. "Mkono wako usimpige mtu yeyote, kwa sababu yoyote."

"Hata wakikuua?"

"Rudia."

Wifi aliendelea kujifuta damu ya kiganja hadi tukaitwa. Tayari tumeshasimama, nimemshika mdogo wangu kiwiko, ndipo akasema, si kwa kupenda, kama mtu anayeng'olewa jino, "Sababu yoyote." Akashika mkoba wake, akatangulia kumfungulia mlango wa daktari.